Mapichesi ya Siku ya Tambiko

Mbele ya duka la kona kuna benchi pana la mbao, na kila alasiri wanakuwapo walewale na vikombe vyao vya karatasi vya kahawa. Siku hiyo alikuwapo Jaji, dereva wa teksi mstaafu anayemhukumu kila mtu. Sinema, mama muuza samaki asiyekosa filamu mpya. Na Gil-su, mpole wa kutupwa. Mkewe, Sun-nyeo, alikaa pembeni akichambua miche ya maharage ya mboga. Jioni kulikuwa na tambiko la marehemu mke wa kwanza wa Gil-su, na mpishi alikuwa Sun-nyeo. Ila moyo wake haukutulia. Bo-ram, binti wa marehemu, ambaye Sun-nyeo alimlea tangu angali mdogo, alikuwa ameenda kutazama ile filamu ya mizimu iliyotokana na hadithi ya kale, ya mama wa kambo aliyewazamisha mabinti wawili bwawani.

— Inatisha jamani! alisema Sinema. Yule mama anaweka mapichesi mlangoni, ili mzimu wa mama mzazi usiingie kula chakula chake cha tambiko.

— Mzimu na pichesi wapi na wapi! Ila yule hakuwa mtu, alikuwa mbweha aliyejigeuza mwanamke, akakata hukumu Jaji.

— Mbweha gani, mzee? akabisha Sinema. Bwawa ndilo lililomtuma. Yale maji yana njaa.

— Basi na bwawa letu la hapa mtaani likamatwe! akatania Jaji. Halafu shemeji Sun-nyeo, jana si nilikuona na mfuko wa mapichesi?

Wakaangua kicheko. Sun-nyeo hakucheka.

— Ni ya Bo-ram, anayapenda. Ya kula tu, siyaweki kwenye meza ya tambiko.

— Hata yule wa kwenye filamu alijitetea hivyohivyo! alisema Sinema.

Sun-nyeo akamtupia mumewe jicho. Gil-su akapuliza kahawa yake.

Mara Bo-ram akatokea upande wa kituo cha basi, macho mekundu kwa kulia. Sun-nyeo akainamisha kichwa. “Basi tena,” akawaza, “ameshaniona mimi mle ndani ya filamu.” Msichana akaketi ubavuni mwake, akachota konzi ya miche, akaanza kuchambua.

— Enhe, umeionaje? Sinema akadakia.

— Nimelia, shangazi. Ila kuna kitu sijaelewa. Siku zote hizo wale mabinti wakiteswa, baba yao alikuwa wapi?

Wote wakamgeukia Gil-su, ambaye bado alikuwa akinywa, ingawa kikombe kilikuwa kitupu.