Meziane Aït Salem na Msitu Uliokosa Mwimbaji

Waombolezaji wenzetu, jamaa mliopanda kutoka Béjaïa na nyie wa mkahawani mliofika kabla kahawa haijaiva, familia imenipa mimi, mpwa wake Yuba, kazi ya kusoma, kwa kuwa wasomi wetu wote wamepata mafua leo na sauti ninayo mimi.

Mzee Meziane Aït Salem alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Tighilt Uzru, akasoma Béjaïa hadi mwaka 1968, akaajiriwa kulinda misitu mwaka 1973, akastaafu 2011. Tarehe 20 Agosti 1978 alimwoa Bi Ouerdia, wakajaliwa mtoto mmoja, Ghiles, aliyeko Marseille, anayetusikiliza kwa simu. Bi Ouerdia alitangulia mwaka 2016, na tangu hapo marehemu alikula tini zake peke yake dirishani, akiutazama msitu wa mialoni juu ya kijiji.

Msitu huo ulinusurika na moto wa mwaka juzi, lakini ule moshi ulimfukuza ndege mdogo wa kijivu, yule anayeshuka shinani kichwa chini, wala hakurudi, maana ndege kijana anayetafuta makao hufuata sauti za wenzake, na pakiwa kimya hudhani hapafai. Marehemu akatundika vipaza sauti vyenye wimbo wa ndege huyo mti kwa mti, kama tunavyopanga vizimba mkahawani ili ndege wetu washindane kuimba, wazee wakamtania, “Meziane, sasa umeoa redio?” naye akawajibu, “Hii nikiizima inanyamaza, wa kwenu je?” Ndege walifika, wakasikia kila mti una mwenyewe, wakapita, kwani kwao wimbo ni uzio wa nyumba, si burudani.

Mwaka huu akabakiza kipaza sauti kimoja pembezoni, akaiacha mialoni ya katikati kimya, na mwezi Machi dume mmoja akatua, akashika eneo, akaimba kutwa kama kapera yeyote mwenye nyumba tupu. Mapafu ya marehemu yalikuwa yamezidiwa, akawa anamsikiliza kitandani, akitueleza kwamba dume akipata jike hupunguza kuimba. Asubuhi ya tarehe 17 Aprili msitu ulinyamaza, akaniambia, “Yuba, wewe mwenye kelele, kaangalie, ameoa au amekufa?” nikapanda, na niliporudi adhuhuri alikuwa ameshakata roho.

Familia inawashukuru madaktari, majirani, walinzi wenzake wa misitu, na baraza la kijiji lililopiga marufuku shoka na mbuzi huko juu mpaka makinda waruke, na mwenye kubisha anione mimi kabla ya kulipa faini.

Jibu lake sikuwahi kumpa, basi nalisoma hapa: Mjomba, wako wawili, jike anabeba vipande vya gome kuingiza tunduni, pumzika kwa utulivu.