Kilio Alichokiazima Kaka

Ndugu wafiwa, mchungaji wetu, na ninyi wasomaji wake mliotoka mbali, Mungu awatie nguvu, mimi ni dada mdogo wa marehemu, fundi cherehani, niliishia darasa la saba, kwa hiyo mnivumilie nikikwama.

Kaka yetu, ambaye nyumbani tulimwita Bwana Wino kwa jinsi alivyochafua kila shati, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba ya baiskeli, akasoma shule ya misheni, kisha sekondari ya bweni, alikofukuzwa kwa kuwaandikia wenzake barua za mapenzi ili wamfulie nguo, akarudishwa baada ya baba kumpigia magoti mkuu wa shule. Mwaka 1972 aliajiriwa gazetini kuwa msahihishaji, huku akiandika riwaya zake, akapata sifa kubwa, mkamsikia redioni akizungumzia maisha, maadili na maumivu ya mapenzi, hata watu wakamuuliza yeye waoe au waache.

Sasa nafika kwenye ndoa, na hapa kikao cha familia kiliniagiza nisome tarehe tu nipite, baba mdogo akasema, "Wewe soma uteremke, usitutie aibu mbele za watu," na najua hapo alipo ananikazia macho, lakini baba mdogo, nisamehe, namwogopa Mungu kuliko wewe, ingawa wewe ndiye uliye karibu.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976 na mpiga chapa wa gazeti, aliyezipiga chapa riwaya zake za mwanzo, wakajaliwa binti mmoja mwaka 1979, na mwaka 1984 ndoa ikavunjika, ikatoka ile riwaya mliyoililia, ya mke anayemkimbia mume na kutupa mtoto, nasi sote tukasema ni wifi huyo, sokoni wakawa wanamuuliza, "Leo unamkimbia nani?", mimi na kikapu changu nikapita kama simjui, na binti akalelewa kwetu akiamini hivyohivyo.

Mwezi wa tatu mwaka huu figo zilimshinda, akalazwa, na siku moja akaniambia, "Mdogo wangu, mimi ndiye niliyeondoka, nilifuata mwanamke mwingine, aliponiacha nikarudi kumnyang'anya mwenzangu mtoto, moyo uliovunjika haukuwa wangu, niliazima kilio chake nikakiuza, halafu nikakaa kuwafundisha watu maadili, ukinificha siku ya kunizika utakuwa umenitungia uongo mwingine." Alimwita binti yake kitandani ili amwambie, yeye mwenye maneno yote yale, akaishia kumuuliza kama amekula. Alifariki tarehe 2 Juni.

Binti yetu, mama yako hakukutupa. Sijui utanitazamaje baada ya leo, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuazima viti na masufuria, na wenzake wa gazetini. Wifi, nilikutumia salamu hukujibu, sijui kama umekuja, ila kama umekaa huko nyuma karibu na mlango, kile kiti kitupu kando ya binti ni chako, tena nimekiweka mimi, asikuondoe mtu.

Kaka, nimeyasoma kama ulivyotaka, sasa lala, na amani mwombe Mungu, maana iliyobaki huku duniani wanaihitaji hawa wawili.