Bibi Kibaraza na Miguu ya Mjukuu

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mlezi wa watoto, mama tuliyezoea kumwita Bibi Kibaraza. Ametutoka wiki hii.

Bibi alilea watoto wa wafanyakazi chumbani kwake, ghorofa ya tatu. Usafi wake, jamani, hata nzi angevua viatu mlangoni. Mapazia yalifungwa kutwa, watoto wamefunikwa gubigubi. Vumbi lisiingie, baridi isiingie. Na jua nalo halikuingia.

Wa kwanza kulelewa hivyo alikuwa mjukuu wake mwenyewe. Mtoto alichelewa kutembea, na aliposimama, miguu ilipinda. Matege. Majirani wakasema atanyooka akikua. Bibi hakungoja, akambeba hadi kliniki. Damu ikapimwa: vitamini D ilikuwa chini mno. Daktari akaeleza kwamba ngozi hutengeneza vitamini hiyo ikipata jua, na ikikosekana mifupa ya mtoto hubaki laini. Akampa dawa ya matone.

Bibi alilia njia nzima. Kesho yake akateremsha watoto wote kibarazani, mikono na miguu wazi. Ndipo jina likamganda. Mzazi mmoja akaja juu: "Bibi, nimekuletea mwanangu umlee, siyo umwanike."

"Mwanangu, ya kuanikwa ni nguo," Bibi akamjibu. "Huyu anaota jua, mifupa ikomae. Mimi nilimfungia mjukuu wangu ndani, yakanikuta."

"Nilimfungia mimi." Hayo aliyarudia kwa kila mzazi, miaka yote. Wengine walimsema, wengine wakahamisha watoto wao.

Miguu ya mtoto yule ilinyooka taratibu. Mjukuu huyo sasa ni fundi wa umeme, anapanda nguzo.

Jana nilikaa na binti wa Bibi, mama wa fundi huyo. Ameniomba niseme hili hewani. "Mimi ndiye niliyemkataza mama asimtoe mtoto nje. Niliogopa kikohozi. Mama alibisha, nikatishia kumchukua mwanangu. Akakubali, na kwa kuwa chumba ni kimoja, watoto wote wakafungiwa. Baadaye nilipotaka kuwaambia watu ukweli, akaninyamazisha: 'Wewe bado unalea. Wacha waniseme mimi, nimezoea.'"

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wafiwa, poleni sana, Mungu awape subira. Nasi, wasikilizaji wapendwa, watoto tuwatoe juani. Kisha tujiulize: nyumbani kwetu, ni nani anayebeba lawama yetu, na tunangoja nini kumshukuru?