Kuogelea Juu ya Dawati

Kwenye benchi la fundi viatu kahawa ilikuwa imezunguka mara mbili na hakuna kiatu kilichoguswa. Fundi alikuwa na karatasi ya shule mfukoni, siku ya tatu sasa. Mwalimu mmoja alikuwa amewakusanya watoto wa mtaa, ambao hata bafu la maana hawana, akawafundisha kuogelea, na binti wa Fundi ameingia fainali ya Jumamosi. Ilibaki sahihi ya baba. Fundi aliogopa maji kuliko polisi, ila kusema aliona haya, kwa hiyo akaomba ushauri. Hapo ndipo alipokosea.

— Usisaini, alisema Profesa, ambaye uprofesa wake ulikuwa miwani tu. Shule haina bwawa. Wanalala kifudifudi juu ya madawati, wanapiga mikono hewani. Nimechungulia dirishani mwenyewe.

— Si wanapelekwa bwawa la hoteli kila Jumatano alfajiri? aliuliza Fundi.

— Samaki mkunje angali mbichi, alisema Breki, dereva mstaafu. Ndiyo maana anawakunja kwenye madawati.

— Sasa waliwashindaje wa shule zenye mabwawa? aliuliza Fundi.

— Wale wamezoea maji, alisema Breki, hawana haraka ya kutoka. Wetu wanakimbia kuokoa roho.

— Mimi nasema ni njaa, alisema Profesa. Mwenye njaa ni mwepesi, anaelea.

— Basi wewe ungekuwa unaelea tangu mwaka juzi.

— Cheka tu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na hawa kila siku wanashinda. Ushindani uko wapi? Nashuku wanapakwa mafuta ya cherehani.

Wote wakamgeukia Fundi, mwenye cherehani.

— Yangu yapo, alisema kwa unyonge.

Mwanamke mwenye filimbi shingoni akasimama mbele yao.

— Shikamooni. Mimi ndiye mwalimu wa kuogelea. Baba, nimefuata karatasi, leo ndiyo mwisho.

— Marahaba. Tunaijadili, alisema Profesa. Mambo ya maji yanataka utaalamu.

— Sawa. Nani kati yenu ameshamwona huyo mtoto akiogelea?

Profesa alifuta miwani. Breki alichungulia kikombe chake kitupu. Fundi aliona aibu, maana mtoto ni wake.

— Mwalimu, mimi naogopa maji, alisema.

— Binti yako anajua. Ameniomba nikuwekee kiti cha mbali.

Fundi akasaini juu ya goti, akauliza wanaanza saa ngapi.

— Saa tatu asubuhi.

Breki akakohoa.

— Mwalimu, hivyo viti vya mbali vimebaki vingapi?