Kivuko Juu ya Lami

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mbunge wetu, Mheshimiwa Diwani, masheikh na viongozi mliofuatana naye, wazee wetu, mama zetu, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja: asalaam aleikum.

KUKUKARIBISHA

Sisi wakazi wa Kijiji cha Ruwanga, wilayani Kibiti, tumefurahi kukuona. Barabara tumeifagia, na akina mama wa ngoma wamekubali kuvaa sare nzito ingawa jua ni kali. Tumeambiwa unasubiriwa Mahege kabla ya adhuhuri, hivyo hatutakuchosha.

Risala hii inasomwa na Bi Mwajabu, mkulima wa mpunga. Tumemchagua kwa sababu ana sauti, na kwa sababu nyingine utakayoiona mbele. Sharti lake lilikuwa moja: humu ndani atajwe kama mtu mwingine, asilazimike kusema "mimi". Alisema hivyo ndivyo atakavyoweza kufika mwisho.

TULIKOTOKA

Mafuriko yalipotufukuza, serikali ilituleta huku kwenye mwinuko, na ilifanya vizuri. Mashamba hayakuhama. Yamebaki ng'ambo ya mto pamoja na madungu yetu, vile vibanda vya juu ya nguzo tunamolala tukiamia ndege wasimalize mpunga. Zahanati nayo iko ng'ambo. Kwa hiyo Ruwanga anayetaka kula anavuka, na anayeumwa anavuka. Aliyekuwa akituvusha ni Kondo, mume wa Bi Mwajabu, kwa mtumbwi wake.

Kondo alikuwa mtu wa maneno. Ukiogopa maji alikwambia, "Tulia, mto hauna ugomvi na wewe." Ukichelewa kushuka bandarini alikuita kwa kelele mpaka watu wa upande wa pili wakajua nani bado amelala. Bi Mwajabu alimgombeza sana kwa tabia hiyo. Siku hizi anasema alfajiri ya Ruwanga imekuwa kimya mno, na kimya hicho kinamuuma.

Mheshimiwa, ulipokuja kuomba kura ulituuliza shida yetu kubwa ni ipi. Kondo akasimama, akasema, "Kivuko." Ukauliza, "Kivuko?" Mkutano mzima ukakujibu, "Kivuko." Ukauliza tunavukia wapi, mikono yote ikanyooka kuelekea mtoni. Sasa mto wenyewe uko nyuma ya barabara. Sisi tulikuonyesha mto, wewe ukaona barabara. Hatukulaumu. Kwetu neno hilo lina maana moja tu, chombo cha kuvushia watu na mizigo majini. Haikutupitia akilini kwamba wako watu wanaohitaji kivuko ili wavuke pakavu.

Kura tulikupa, na ahadi hukuisahau. Tulikusikia redioni, tumejazana dukani kwa Johari, ukiuliza Bungeni ni lini wananchi wa Ruwanga watapatiwa kivuko, maana wanahatarisha maisha kila uchao. Ulisema kwa uchungu, tukasema huyu ndiye wetu. Serikali ikajibu kwamba kivuko kitakuwa tayari kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Johari, ambaye si mtu wa kutoa kitu bure, aligawa soda.

Wakati huo mtumbwi wa Kondo ulikuwa umechoka, una ufa ubavuni. Alishaangusha gogo la mwembe, kwa kibali, ili achonge mwingine. Bi Mwajabu akamuuliza anaanza lini.

"Wa nini tena, mama Iddy?" alisema. "Serikali imesema kwa mdomo wake. Nichonge mtumbwi nimvushe nani?"

Gogo lile akalipasua mbao, akatengeneza benchi, ili siku ya kuzindua kivuko wageni wasikae chini. Ule ufa akauziba kwa matambara na lami kidogo aliyoiomba kwa mafundi wa barabara kule Kibiti.

Masika mto ukajaa. Kondo alimvusha mgonjwa akamfikisha, na wakati wa kurudi mtumbwi ukafunguka katikati ya maji. Alikuwa peke yake, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Tulimkuta mbali chini, kwenye mikoko, na Bi Mwajabu akamtambua kwa shati. Makaburi ya ukoo wake yako ng'ambo. Tulimzika upande huu, kando ya barabara, kwa sababu hapakuwa na wa kutuvusha.

TULICHOPATA

Mheshimiwa, kivuko kimekuja, na kimekuja ndani ya mwaka wa fedha kama ilivyosemwa. Mafundi walishuka na ndoo za rangi. Mwenyekiti wetu aliwauliza kwa adabu kama injini iko kwenye gari la nyuma.

"Injini ya nini, mzee?" fundi akamjibu. "Kivuko ni mistari."

Kwa kuwa barabara yetu ni ya vumbi na rangi haishiki kwenye vumbi, walimwaga kwanza kipande cha lami cha kutosha kuchora hiyo mistari. Hivyo Ruwanga imepata lami yake ya kwanza, na tunaomba jambo hili liingie kwenye mafanikio yako.

Tunakitumia kivuko vizuri. Gari tulilo nalo ni Noah ya Abdulrazaq, inayokwenda Kibiti asubuhi na kurudi jioni. Akifika kwenye mistari anasimama hata kama hakuna mtu, halafu anaendelea. Mbuzi wanavuka salama. Lami inakausha mpunga haraka kuliko mkeka, kwa hiyo kila kaya imepewa mstari wake wa kuanikia. Mistari myeupe haiunguzi nyayo, ikagombewa mpaka ofisi ya kijiji ikaingilia. Bi Mwajabu alichagua mweusi wa mwisho, ambao hakuna aliyeutaka. Ndio ulio karibu na kaburi la Kondo.

KINACHOTUSUMBUA

Mpunga wa kuanika uko ng'ambo. Anayetuvusha sasa ni Iddy, mtoto pekee wa Bi Mwajabu, kwa mtumbwi wa kuazima wa wavuvi, mwembamba, unaocheza hata abiria akikohoa. Mama yake amemkataza, naye amejibu, "Sasa mama, watu wafe njaa?" Tangu hapo kila jioni Bi Mwajabu anasimama ukingoni mpaka amuone mwanawe anarudi, na chakula hakipandi jikoni kabla ya hapo.

Masika mengine yanakuja. Iddy ameshaona mwembe unaofaa. Tatizo ni kwamba kuchonga mtumbwi wa kubeba watu na kuuacha ukauke kunataka muda, na muda wenyewe ni huu. Nusu ya kijiji inasema tuchonge. Nusu inasema tusubiri, kwa kuwa Mbunge anakuja mwenyewe.

TUNACHOOMBA

Kwanza, utakaporudi Bungeni, useme "kivuko cha majini, chenye injini", na kama kanuni zinaruhusu, urudie.

Ombi la pili unaweza kulijibu hapo hapo ulipo. Benchi ulilokalia, Mheshimiwa, ni lile la Kondo. Tafadhali usisimame, lilitengenezwa kwa ajili yako. Tunaomba utuambie leo, mbele ya Iddy, kabla hajashuka mtoni kwenda kuvusha watu, na usituambie kama redioni: tuchonge, au tusubiri?

Ukisema tuchonge, hatutakasirika. Mashoka yamenolewa, na tutaanza gari lako likishaondoka. Ukisema tusubiri, Bi Mwajabu anaomba usiende Mahege. Anaomba ukae naye ukingoni jioni hii, mpaka mwanawe arudi.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama uendako, na wetu walioko ng'ambo awarudishe.

Ni sisi wakazi wa Kijiji cha Ruwanga.

Imesomwa na mimi, Mwajabu, mama yake Iddy.