Historia ya Bi Bisibisi, Mkusanyaji wa Sarafu Zilizotobolewa

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika, familia imeamua kwamba maisha ya shangazi yetu yasomwe kama yalivyokuwa, bila kupakwa rangi, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kitu kilichopakwa rangi, na kwa sababu tangu juzi yamesemwa mengi kwenye mabenchi hapo nje, kwamba alikuwa mwanamke aliyemaliza umri wake akiokota vyuma, maneno ambayo tumeyasikia, na waliosema tumewaona.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Septemba 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi wa breki za mabehewa na mkewe mshonaji, na bibi alikuwa akitusimulia kwamba mtoto yule alitembea kabla hajajua kukaa vizuri, akaanguka, akainuka, akaendelea, na tangu siku hiyo hakuna kiti kilichowahi kumweka, hata mezani alikula amesimama, mguu mmoja tayari umeelekea mlangoni. Miaka minne baadaye alizaliwa mdogo wake wa kiume, ambaye ni baba yake huyu anayewasomea, na ambaye atatajwa tena mbele, tena kwa ruhusa yake, maana alisema mwenyewe jana, "Soma yote, usinifiche."

Alianza shule ya msingi Januari 1964 na kumaliza Desemba 1970, na katika miaka hiyo alisimamishwa nje ya darasa mara nyingi, si kwa uzembe bali kwa mkono usiotulia, kwani kitasa cha darasa la nne kilichokuwa kikikwama alikifungua chote, akakisafisha, akakirudisha kikifunguka kwa kidole kimoja, na mwalimu akamwadhibu kwa kukifungua wala hakumsifu kwa kukitengeneza, dhuluma ambayo alikuwa bado anailalamikia akiwa na miaka sitini na kitu. Mwaka 1974 alijiunga na chuo cha ufundi, msichana peke yake katika darasa la mitambo, na siku ya kwanza mlinzi wa lango alimwambia kwamba darasa la ushonaji liko upande wa pili, naye akamjibu, "Kushona najua tangu utotoni, baba, nimekuja kujua cherehani inashonaje, nipishe."

Tarehe 3 Machi 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, kitengo cha matengenezo, akiwa na jukumu la kuzunguka kati ya safu za cherehani na kutibu yoyote iliyogoma, kazi iliyomfaa kuliko yoyote duniani, maana ilimlipa kwa kutotulia, na huko ndiko alikopewa jina la Bi Bisibisi, kwa sababu bisibisi yake ndogo ilikaa kwenye nywele kama kitana, na wengi wenu mliopo hapa hamjui alikuwa na jina jingine. Alioa, kama alivyopenda kusema yeye mwenyewe akichekwa, tarehe 20 Desemba 1980, akiolewa na dereva wa malori ya safari ndefu, mtu mpole aliyetangulia mbele za haki mwaka 2009, na walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni mkunga na mwana anayeendesha kreni bandarini, pamoja na wajukuu watatu, ambao wote walijifunza kufunga nati kabla ya kufunga kamba za viatu.

Sasa tuingie kwenye hayo yanayoitwa vyuma. Mnamo Juni 1978 cherehani moja ya kiwandani ilikuwa ikitikisika ovyo, akaifungua, na chini ya nati, mahali panapokaa wosha, ile pete bapa inayozuia nati isilegee, akakuta sarafu iliyotobolewa katikati, imekaa pale miaka mingi ikifanya kazi ya wosha, na hapo ndipo alipopigwa butwaa, si kwa thamani yake, maana ilikuwa sarafu ya kununulia kiberiti, bali kwa kufikiri kwamba kuna mtu alifika mahali pale akiwa amekwama, akatia mkono mfukoni, akaamua kwamba kilichomo kina kazi nzuri zaidi kuliko kutumiwa. Aliweka wosha mpya, akaitia ile sarafu kwenye mfuko wa ovaroli, na hakupata usingizi mzuri wiki nzima.

Hata hivyo hakuelewa mara moja anachotaka, na kwa miaka kumi na mitatu alihangaika kama mtu aliyepoteza ufunguo, akaanza na sarafu zenye wanyama, akachoka, akaziacha kwa mtoto wa jirani, akahamia sarafu za nchi za mbali ambazo mumewe alimletea kutoka safarini, akazichoka nazo, akakusanya zenye mwaka wa kuzaliwa wa kila ndugu, akagundua kwamba ndugu ni wengi na wengine hawastahili, akaacha, na mumewe akishusha mzigo wake mlangoni alikuwa akiuliza kwanza, "Mama watoto, wiki hii tunapenda nini?" Kiwanda kilipofungwa mwaka 1991 na yeye akafungua kibanda chake cha kutengeneza cherehani, ndipo alipoitazama tena ile sarafu ya kwanza na kujua, na tangu hapo alikusanya sarafu zilizotobolewa tu, zile zilizoacha kazi ya pesa na kupata kazi nyingine, kifungo cha koti, uzito wa pindo la pazia, kidani shingoni mwa mtoto mchanga, ulimi wa kengele ya mbuzi, na sheria yake ilikuwa moja, kwamba hatamwondolea mtu sarafu iliyo kazini mpaka ampe kitu cha kuifanya kazi ile ile, kifungo kwa kifungo, wosha kwa wosha, na kila moja aliifungia kikaratasi kinachosema ilikuwa ikifanya nini.

Mwaka 1994 alijiunga na chama cha wakusanya sarafu cha mjini, ambacho hukutana kila Jumamosi katika chumba cha juu ya duka la miwani, na haki itendeke, alikipenda, kwa sababu pale alikutana na watu wanaohangaika kama yeye, mfamasia anayetaka sarafu moja ya kila mwaka na ambaye mwaka mmoja tu uliokosekana umemtia mvi, hakimu mstaafu anayekusanya vichwa vya watawala ili, kwa maneno yake, awatazame bila wao kumtazama, mwalimu wa jiografia anayekusanya nchi ambazo hatafika, na mwenyekiti, ambaye hukusanya sarafu ambazo hazijawahi kutumika kabisa, zisizoguswa, huzishika kwa glavu nyeupe na kibano, na alipoulizwa na shangazi kwa nini, alisema kwamba katika maisha yake kila kitu alikipata kikiwa kimeshatumiwa na kaka zake saba, jibu ambalo shangazi aliliheshimu. Yeye hawakumheshimu. Alipoomba mwaka 1996 sanduku lake liwekwe kwenye maonyesho ya mwaka, kamati ilimjibu kwamba kanuni hairuhusu sarafu yenye tundu kwa kuwa imeharibiwa, na mmoja wao akaongeza, "Mama, hizi peleka kwa wanunuzi wa chakavu," watu wakacheka, naye akacheka nao, akaenda nyumbani, akafungua na kufunga cherehani ile ile mara kadhaa bila sababu, na mwaka uliofuata akaomba tena, na uliofuata, na kila mwaka, akijibiwa hivyo hivyo na watu wazima wenye vyeti ambao wangeona aibu kumjibu hivyo mwanamume.

Mwaka 2003 alipata sarafu yake kubwa. Mwashi mmoja mzee alikuwa ameitumia tangu ujanani kama timazi, kwani alipoanza kazi hakuwa na timazi ya kweli, akatoboa sarafu nzito ya fedha karibu na ukingo, akaitia uzi, akawa anaining'iniza kando ya ukuta ili aone kama umesimama wima, na kwa sarafu hiyo alijenga upande mzima wa mtaa huu, zikiwemo nyumba ambamo baadhi yenu mmetoka asubuhi hii. Shangazi alimpa timazi ya shaba, mpya, naye akaipima mkononi, akasema, "Nzuri, lakini sijaizoea," wakabadilishana. Mwaka 2019 mwenyekiti aliiona kwa mara ya kwanza kwa lenzi yake, akavua miwani, akaivaa, akasema kwamba ile ni ya mwaka uliotoa sarafu chache mno, na kwamba isingekuwa tundu, ingenunua nyumba, na shangazi akamwambia, "Kwa tundu hilo zimejengwa nyumba mtaa mzima, sasa wewe unataka moja?" Jibu hilo lilizunguka mjini, lakini kanuni haikusogea.

Moyo wake ulianza kumsumbua Agosti 2023, ukiwa umepanuka, na daktari alimwagiza atulie, agizo ambalo alilisikiliza kwa heshima kisha akainuka kulitafakari akitembea, mpaka Februari 2024 alipolazwa wodi ya wanawake. Ni katika siku hizo mdogo wake, akitaka dada yake aingie kwenye maonyesho angalau mara moja akiwa hai, alichukua ile sarafu ya mwashi bila kuuliza, akaipeleka kwa sonara, tundu likazibwa kwa fedha safi, na sonara kwa ukarimu akaing'arisha mpaka ikawa kama kioo. Alimpelekea mwenyekiti akiwa amejaa furaha. Mwenyekiti aliishika, akaigeuza mara moja tu, akakaa chini, akasema, "Mzee, umeiua," kisha akamweleza kile ambacho kila mkusanyaji anakijua na sisi wengine hatukijui, kwamba sarafu iliyozibwa na kung'arishwa hakuna anayeitaka, kwa wapenda sarafu nzima ni ya kughushi, na kwa mpenda matundu haina tundu.

Walikwenda wodini wote wawili, maana mdogo mtu hakuthubutu kwenda peke yake, na shangazi aliipapasa sarafu ile kwa kidole pale tundu lilipokuwa, nasi tuliokuwa tumemzunguka tukadhani moyo utamtoka pale pale, kisha akauliza, "Nani amekutuma?" naye akajibu, "Hakuna, dada, nilitaka wakuone," na hapo shangazi akafumba macho, akayafumbua, akasema, "Haya, kalete keekee yangu." Keekee ya mkono ililetwa kutoka kibandani, muuguzi akaja juu, "Mama, hii ni wodi, si karakana," akajibiwa, "Binti yangu, ni tundu moja tu," na kwa kuwa mikono ya mgonjwa haikuwa na nguvu, ilibidi mwenyekiti, mtu ambaye hajawahi kugusa sarafu bila glavu, aishike ile kwa vidole vitupu juu ya kabati la dawa, huku mdogo mtu akizungusha keekee, akitoka jasho, na shangazi akielekeza kutoka kwenye mto, "Taratibu, usiibonyeze kama unamkaba mtu, taratibu." Tundu lilitoka kando kidogo ya lile la zamani. Akaitia uzi, akaomba ining'inizwe kwenye stendi ya dripu, akasubiri itulie, akaitazama, akatazama dirisha nyuma yake, akasema, "Dirisha lenu limepinda," na muuguzi aliyekuwa amekasirika akaenda kuangalia, akakuta kweli limepinda, na wodi nzima ikacheka. Kisha akamshika mdogo wake mkono, akamwambia mbele ya wote kwamba kikaratasi cha sarafu ile kiongezwe maneno, ilizibwa na ndugu aliyenipenda, ikatobolewa tena na yeye huyo huyo, na akamgeukia mwenyekiti na kusema maneno ambayo familia inayachukua kuwa wosia wake, "Zote, au hapana."

Alifariki tarehe 17 Aprili 2024, saa tatu asubuhi, akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu chini, viatu vimevaliwa.

Jumatatu hii kamati ya chama ilituma taarifa kwamba kwa heshima ya marehemu itaipokea sarafu ya mwashi, hiyo moja, kwenye maonyesho ya mwezi ujao, na familia inashukuru, na familia inajibu hapa mbele ya watu kwamba haipokei, kwa sababu hiyo moja mnaitaka kwa ule mwaka wake uliowatoa macho, si kwa tundu lake, na shangazi hakukaa miaka ishirini na minane mlangoni kwenu ili aingizwe kipande, kwa hiyo ni sanduku lote, kifungo, pazia, mtoto na mbuzi, au hapana. Mwenyekiti, ambaye amekaa nasi tangu siku ya kwanza ya msiba na tunamshukuru, amesema atajibu baada ya maziko, nasi tutasubiri, na nyumbani kwake tunapajua.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya wanawake kwa uvumilivu wao, na kwa lile dirisha, ambalo tumeambiwa limetengenezwa, majirani waliokesha nasi, waliokuwa wafanyakazi wenzake wa kiwandani, wateja wa kibandani ambao cherehani zenu ziko tayari na mnaweza kuja kuzichukua, na wanachama wa chama, hata yule wa chakavu. Tunawashukuru pia waashi waliojenga kuta za kaburi asubuhi hii, ambao mdogo wake aliwakabidhi sarafu ile ikiwa na uzi wake, wakaitumia, nayo ikarudi kazini siku moja, na tumesimama pale pamoja na mwenyekiti, tumetazama, kuta zimesimama wima pande zote nne, kisha ikarudishwa kwenye sanduku kati ya wenzake.

Shangazi, Bi Bisibisi, pumzika kwa amani, na ukishindwa kutulia hata huko, inuka, utembee, tutajua ni wewe.