Nyumba Iliyoezekwa Bila Pombe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wapendwa wa hapa Issuna na ninyi mliotoka mbali, nawasalimu kwa jina lake aliyetufunika mimi na watoto wangu. Nimekuwa mke wa mchungaji tangu ujana wangu, lakini leo nasimama kama mama tu.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa ilitukuta tunakaa bondeni, sisi na kanisa letu dogo la Kibaptisti. Ikaja amri kila mtu ahamie kijijini. Tukahama. Nyumba ikabomolewa, kanisa tukaliacha, mbuzi wakaingia. Kijijini tukaonyeshwa kiwanja, tukakaa kwenye kibanda cha mabua ya mtama, tukaambiwa tusimamishe nyumba kabla ya mvua. Nilikuwa nimejifungua juzijuzi. Neema wangu alikuwa mchanga, na kifua chake kilikoroma usiku na mchana.

Mume wangu alisimamisha kuta mwenyewe, akapandisha miti ya juu. Kabla hajamaliza akaitwa kijiji cha Ulemo kuzika mshirika. Akaenda kwa baiskeli, na huko homa ikamlaza. Nikabaki na watoto, na mama mkwe wangu ambaye alikuwa bado hajaokoka, na kuta zisizo na paa.

Ninyi mnaoezeka bati hamjui! Paa la tembe ni la udongo. Unapanga fito, unatandaza nyasi, halafu unapandisha udongo, karai baada ya karai, na kazi inataka watu wengi kwa siku moja. Watu hao walialikwaje? Unapika pombe ya mtama, unatangaza, wanakuja asubuhi, jioni wanakunywa. Kama huna pombe, huna watu. Hawakuwa watu wabaya, ndugu zangu. Ndiyo ilikuwa desturi, hata mimi nimezaliwa humo. Lakini sisi tulikuwa tumeiacha pombe siku tuliyozamishwa majini.

Mama mkwe akaniambia, "Mama Yohana, pika. Mungu wenu anamwona mtoto anavyohema. Atakuwa mkali kwa ajili ya chungu kimoja?"

Nikajiona mjanja. Nikapika togwa, uji wa kimea usiolevya, chungu kikubwa, tamu kabisa, nikatangaza. Kijiji kizima kikacheka! "Mama Mchungaji anatualika kunywa uji!" Siku ya kazi walikuja dada wawili wa kanisani na mzee mmoja mwenye mgongo mbovu. Tukatazama kuta, tukatazamana, tukaimba pambio, wakarudi kwao. Nikasema nitangoja kesho. Kesho hakuja mtu.

Na kimea hakimjui mchungaji, ndugu zangu! Kwa joto lile togwa ikachachuka, ikapanda povu, harufu ikafika njiani. Wanaume waliokuwa wananipita kimya wakaanza kusimama. "Habari za hapa, Mama Mchungaji? Tunaezeka lini?" Mama mkwe akapiga makofi kwa furaha. "Hukupika pombe wewe! Mungu mwenyewe ameichachua. Nyamaza tu, watakuja."

Hapo ndipo nilipojaribiwa, wapendwa! Wingu jeusi lilikuwa limetanda upande wa Ihanja. Mtoto anakoroma. Sikutakiwa kusema neno lolote la uongo, ilikuwa kunyamaza tu. Nikasema moyoni, kama Mungu hawezi kuniezekea nyumba mpaka asaidiwe na pombe, basi siye yule niliyebatizwa kwa jina lake. Nikakibeba chungu nyuma ya kibanda, nikamwaga mpaka tone la mwisho. Nilimwaga nikilia, maana ulikuwa unga wa watoto wangu na ulikuwa mwaka wa njaa. Kuku wakadonoa pale, wakaanza kupepesuka. Mama mkwe akamchukua mjukuu wake, akanipa mgongo.

Lakini kulikuwa na jicho limeniona! Jirani yetu Mama Hadija, Mwislamu, alikuwa anachanja kuni ng'ambo ya kiwanja. Asubuhi yake akaja na mumewe, Mzee Shabani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia maneno ambayo sijayasahau. "Mama Mchungaji, hata mimi kuta zangu zimesimama zinangoja, ndugu zangu peke yao hawatoshi. Sisi hatunywi wala hatupiki. Nilidhani nyumba hii nyote mnapika kwa siri, mpaka mke wangu alipokuona jana. Sasa tunangojana nini? Leo kwako, kesho kwangu."

Haleluya! Alikuwa amekuja na ndugu zake, wana wake na wakwe zake. Dada zangu wa kanisani wakarudi mbio na makarai. Tukapanga mstari kutoka shimoni hadi ukutani, udongo ukapita mkono kwa mkono, Waislamu na Wabaptisti, tukanywa maji na kula viazi. Katikati ya kazi nikageuka, nikamwona mama mkwe yumo kwenye mstari, udongo umemjaa kichwani, anawakemea vijana wa Mzee Shabani kwamba wanalegea!

Kesho yake tukaezeka kwao. Tulipokuwa tunashindilia karai za mwisho, matone yakaanza. Nikakimbia nyumbani. Mvua ikashuka kama imetumwa. Mama mkwe alikuwa amekaa ndani, Neema kifuani, macho juu, anangoja paa livuje. Halikuvuja. Akasema, "Huyu Mungu wenu asiyekunywa pombe, kumbe ana watu."

Jumapili iliyofuata alinitangulia ibadani.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu kwa mume aliyerudi mzima kutoka Ulemo, kwa mtoto aliyepona, na kwa jirani ambaye sikumtazamia. Labda wewe uliyekaa hapo umemwaga ulichokuwa unakitegemea, na mpaka sasa hajaja mtu. Wingu limetanda na kuta ziko wazi. Mimi nilimshukuru Mungu nikiwa tayari nimeona paa. Wewe njoo umwamini leo, kabla hujaliona. Amina!